Karatasi ya farasi dume: isome hivi kabla hujamsifu

Karatasi ya kwanza ya farasi niliyopewa maishani niliitandika sakafuni nikalia wali juu yake. Ilikuwa 2004, Dubai, chumba kimoja masaisi sita, watunza farasi, na mie nina miezi miwili tu tangu nitoke Kengeja, Pemba. Mzee mmoja wa Rajasthan, saisi aliyezeekea kazini, aliivuta kutoka chini ya sahani yangu, akaufuta mchuzi kwa kiganja, akaniuliza kwa Kiarabu chake cha kuungaunga: "Wajua umemlaza nani chini ya samaki?" Sikujua. Nilichokuwa nikiona ni majina tu, mengine yameandikwa kwa wino mzito, mengine mwembamba, yametawanyika kama matawi ya mkarafuu uliolazwa ubavu.

Tangu usiku ule alinifundisha kila baada ya isha, robo saa hivi, kwa miezi. Nilikaa kule miaka tisa nikarudi 2013, na sasa vijana wa huku wanaopata visa za usaisi Ghuba hunijia barazani kabla hawajapanda boti. Ninachowaambia ndicho nakiandika hapa: namna ya kumsoma farasi dume, alikimbia vipi na ameacha nini. Anayeijua karatasi hukabidhiwa farasi; asiyeijua hukabidhiwa koleo la samadi, na koleo lile nililishika mwaka mzima. Mapema niseme, hili si darasa la kamari. Meydan kwenyewe, uwanja mkubwa wa mbio wa Dubai, hakuna dirisha la kuwekea dau.

Mfano wangu tangu mwanzo hadi mwisho ni mmoja, Dubai Millennium, na wengine watapita tu kama wageni wa harusi. Simwoneshi kwa kuwa nilimlisha kwa mkono wangu. Alikufa miaka mitatu kabla sijafika. Lakini masaisi wakubwa walimtaja kama tunavyowataja marehemu wa ukoo, kwa sauti ya chini, na karatasi yake ni fupi: mbio kumi. Mwanafunzi hachoki.

Kwanza umri, hapo ndipo wengi hujikwaa

Farasi tunaowazungumza ni Tharobredi, kabila la farasi wa mbio lililotengenezwa Uingereza. Yeyote kati yao, ukimfuata baba wa baba wa baba, unaishia kwa madume watatu waliopelekwa kule kutoka mashariki: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Huyu Darley Arabian alinunuliwa Aleppo, nchi ya Sham, akapakiwa melini 1704. Kitabu cha nasaba kinachapishwa tangu 1791, na farasi asiyetoka kwenye kitabu hicho au vitabu ndugu vya nchi nyingine si Tharobredi hata akiota mbawa. (Na sisi tusijifanye wageni wa mambo haya. Mwaka 1840 Sultana, chombo cha Seyyid Said, kilitia nanga New York na mjumbe wake Ahmed bin Naaman, na katika zawadi za rais wa Marekani mlikuwamo farasi wawili wa Kiarabu.)

Sasa tarehe. Farasi wote wa kaskazini ya dunia huongeza mwaka siku moja, tarehe 1 Januari. Wa kusini, kama Afrika Kusini na Australia, ni 1 Agosti. Dubai Millennium alizaliwa 20 Machi 1996. Ilipofika 1 Januari 1997, kitabuni ana mwaka mmoja, ingawa miezi kumi hajaifikisha. Ukisoma "alishinda akiwa na miaka miwili", tazama na mwezi aliozaliwa. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Mei wanaitwa rika moja na wanasukumwa kwenye mbio moja, na katika umri ule miezi minne ni kama mtoto wa darasa la kwanza kupiganishwa na wa darasa la tatu. Northern Dancer, ambaye tutamkuta mbele, alizaliwa 27 Mei. Liweke hilo akilini.

Mbio: acha kuhesabu ushindi, soma mstari mmoja mmoja

Watu wa barazani wana swali moja: "Kashinda mara ngapi?" Jibu la Dubai Millennium ni mara tisa katika kumi, na jibu hilo peke yake halikufundishi kitu. Farasi anaweza kushinda tisa akikimbia na wanyonge. Kila mstari wa mbio una mambo matano: uwanja, umbali, ardhi (majani au mchanga), daraja, na pengo kati yake na aliyemfuata au aliyemtangulia. Daraja huandikwa herufi G na tarakimu; G1 ndiyo juu kabisa. Pengo hupimwa kwa urefu wa farasi mmoja, kiasi cha mita mbili na nusu, na likiwa dogo zaidi ya hapo husemwa shingo, kichwa, au pua.

Haya, tumsome. Mwanzoni hakuwa na jina hili. Aliitwa Yaazer, na Sheikh Mohammed wa Dubai ndiye aliyembadilisha jina, kwa kuwa aliamini huyu ndiye atakayebeba jina la mji mwaka 2000 ukiingia. Mzigo mzito kumtwika mnyama ambaye hajakimbia hata mara moja. Akaanza Yarmouth, 1998, akashinda. Mwaka uliofuata akashinda tena Doncaster, kisha Goodwood. Hadi hapo ni mistari mitatu mizuri ambayo mie ningeipita haraka, kwa sababu hakuna hata mmoja wenye G1.

Mstari wa nne ndio wa kukalia. Epsom, Juni 1999, Dabi ya Uingereza, mita 2,400 na ushei, majani, G1. Nafasi: ya tisa. Naye ndiye aliyekuwa akitegemewa kuliko wote siku ile.

Mzee wangu alikuwa akiweka kidole hapo na kuninyamazia mpaka niseme kitu. Siku ya kwanza nikasema: "Alishindwa na wakubwa." Akatikisa kichwa. Shuka mstari chini, akasema. Nikashuka. Julai yuko Ufaransa, mita 2,000, kashinda. Agosti yuko Deauville, mita 1,600, G1, kashinda. Septemba yuko Ascot, mita 1,600 tena, G1, kashinda kwa mapengo sita. Hapo ndipo nilipoelewa. Wakubwa hawakumshinda, umbali ndio uliomshinda. Na si umbali peke yake. Siku ile ya Epsom alilowa jasho kabla ya kuanza, na mbio zilipoanza akavutana na mpandaji wake badala ya kutulia.

Jasho hilo nimelishuhudia kwa farasi wengine, na ni kitu ambacho karatasi haikuandikii. Farasi aliyetulia hung'aa shingoni kama aliyepakwa mafuta ya nazi. Aliyepagawa hutoa povu jeupe katikati ya mapaja ya nyuma na pale hatamu inaposugua shingo, kama sabuni ya kufulia, na mkia haukai. Mara mbili nilimwongoza farasi wa namna hiyo kwenye duara la kutembezea kabla ya mbio, nikahisi kamba inatetemeka mkononi kama mshipi ulionasa changu. Wote wawili hawakufika popote. Kwa hiyo ukiona kwenye karatasi mstari mmoja mbaya kati ya mizuri, usiufute wala usiupigie kelele. Uliza siku ile kulikuwa na nini: umbali, ardhi, jasho, mvua.

Mwaka 2000 ndio mwaka wake. Machi, Nad Al Sheba, uwanja wa Dubai wa kabla ya Meydan, alipewa mbio za kumzoesha mchanga, akashinda. Tarehe 25 mwezi huohuo ikaja Kombe la Dunia la Dubai, mita 2,000, mchanga, Frankie Dettori mgongoni. Akaongoza tangu lango lilipofunguka, akamaliza kwa mapengo sita, dakika 1 na sekunde 59.5, rekodi ya pale. Mapengo sita ni karibu mita kumi na tano. Kwa wa Kengeja, ni yeye kashafika msikitini na wa pili bado anavua viatu barabarani. Juni akarudi Ascot, majani, mita 2,000, G1, akashinda kwa mapengo manane. Agosti akavunjika mguu mazoezini, na mbio zikaishia hapo.

Angalia karatasi hii inakwambia nini ukiisoma kwa mistari: majani sawa, mchanga sawa, mita 1,600 sawa, mita 2,000 ndiyo tamu yake, mita 2,400 hapana. Hayo matano yana faida kuliko ile tisa kwa kumi.

Tumbo moja

Sasa shuka chini. Ukurasa wa mnada wa farasi hupangwa hivi: juu nasaba, upande wa baba kisha upande wa mama, chini yake habari ya mama, kisha mama wa mama, kisha mama wa huyo, aya kwa aya. Jina lililoandikwa kwa herufi kubwa nzito ni la aliyeshinda mbio za heshima, yaani za daraja na zinazokaribia daraja. Nzito lakini herufi ndogo, alifika nafasi za juu tu. Wino mwembamba, wa kawaida. Jicho lako liizoee tofauti hiyo kabla ya kingine chochote, maana wauzaji wanajua kuujaza ukurasa maneno.

Watoto wengine wa baba hawaorodheshwi humo. Hapo wengi hushangaa. Sababu ni kwamba dume mmoja ana watoto mamia, ukiwaita wote ndugu zake neno ndugu linakosa maana. Katika lugha ya farasi, ndugu ni wa tumbo moja tu. Wa baba mmoja mama mbalimbali hawaitwi ndugu, hata wakifanana kama karafuu mbili. Sisi tunaosema ndugu wa baba mmoja inatuchukua muda kulizoea hilo.

Mama wa Dubai Millennium ni Colorado Dancer, aliyeshinda mbio za daraja Ufaransa. Si haba. Lakini panda hatua moja, kwa bibi, Fall Aspen, jike wa Marekani. Tumbo lake lilitoa washindi tisa wa mbio za heshima. Mmoja ni Timber Country, aliyeshinda Preakness, mbio kubwa ya Marekani, 1995. Mwingine Hamas, farasi wa mbio fupi, alishinda July Cup kule Newmarket 1993. Mwingine Fort Wood, aliyepelekwa Afrika Kusini akawa dume mkubwa wa mbegu. Baba zao mbalimbali, mabara mbalimbali, tumbo moja. Ukiona ukurasa kama huo, hata kama farasi mwenyewe hajakimbia, mpigie mswaki kwa adabu.

Na hapa sina budi kujisema, kwa sababu mtoto wa kaka yangu atasoma na atacheka. Niliporudi Pemba na vijisenti vyangu, na elimu yote hii kichwani, nilinunua ndama dume kwa jina la baba yake tu. Baba alikuwa fahali wa mchezo wa ng'ombe, ule wetu wa Pemba, tukimwita Kusi, aliyewahi kuwatia watu mitini hapa Kengeja. Nikamlea miaka mitatu, majani ya kuchaguliwa, chumvi, kuoshwa kila Ijumaa. Siku ya mchezo ikafika, ngoma zikaanza, zumari ikalia. Fahali wangu akakata kamba, akapita katikati ya watu bila kumgusa hata mmoja, akaingia migombani, na humo akakaa mpaka magharibi. Bibi mmoja jirani, ameshika ungo wake wala hajasimama, akanambia: "Mwanangu, mama yake alikuwa akikimbia hata kuku. Si ungeuliza?"

Bei si sifa

Hili nitalipita kwa farasi wawili, baba na mwana.

Northern Dancer, wa Kanada, alipokuwa na mwaka mmoja aliwekewa bei dola 25,000, hakuna aliyemtaka. Alikuwa mfupi, na hata alipokua hakufika sentimita 160 mabegani. Nawe unakumbuka alizaliwa mwisho wa Mei. Mwenye shamba akabaki naye. Mwaka 1964 akashinda Kentucky Derby kwa dakika mbili kamili, rekodi, akashinda Preakness, akawa wa tatu Belmont. Mbio kumi na nane, ushindi kumi na nne, na hakuna siku aliyotoka nje ya watatu wa mbele. Alipoacha mbio ada ya kumpandisha kwa jike ilikuwa dola 10,000. Miaka ya 1980 watu walikuwa wakilipa hadi dola milioni moja kwa jike mmoja, bila dhamana kwamba atashika mimba.

Sasa mwana. Julai 1983, mnada wa Keeneland, Kentucky, mtoto wa Northern Dancer aitwaye Snaafi Dancer akauzwa dola milioni 10.2, bei ambayo kabla ya hapo farasi wa mwaka mmoja hakuwahi kufikishwa, akapelekwa kwa Sheikh Mohammed. Hakukimbia hata mbio moja. Akapelekwa kwenye mbegu, ikaonekana ni kama tasa. Alipata watoto wanne tu. Karatasi yake ilikuwa na kila kitu isipokuwa yeye mwenyewe.

Watoto: hesabu na waliokosa

Dume wa Tharobredi haruhusiwi kutumia mirija ya daktari. Sheria inataka jike aletwe, apandwe hasa, mashahidi wapo. Mimba ni miezi kumi na moja. Msimu kaskazini ni Februari hadi kama Juni, na dume anayetakiwa hupanda majike zaidi ya mia kwa msimu; wengine husafirishwa kwa ndege kwenda kusini kufanya msimu wa pili mwaka huohuo. Kwa hiyo ukiambiwa "dume huyu ana washindi 50 wa mbio za heshima", swali lako liwe: katika wangapi? Washindi hamsini katika watoto elfu moja ni dume wa kawaida. Mmoja katika kumi ni dume mkubwa. Northern Dancer alikuwa na zaidi ya 140 katika watoto mia sita na zaidi, yaani zaidi ya mmoja katika kila watano. Hapo ndipo unapoelewa ile dola milioni.

Dubai Millennium aliingia kwenye mbegu Newmarket msimu wa 2001. Aprili, msimu haujaisha, akashikwa na ule ugonjwa wa malishoni unaoua mishipa ya fahamu ya matumbo, farasi akawa hawezi kusaga alichokula. Wakampasua mara kwa mara, haikufaa kitu, akafa. Aliacha mimba, na mwaka uliofuata wakazaliwa watoto 56. Watoto 56 ni mzaha kwa dume. Wengine wanapata hao kwa miezi miwili.

Mmoja alizaliwa Februari 2002, baba yake keshazikwa miezi tisa nyuma. Mama yake aliitwa Zomaradah, ndiyo, zumaridi hiyohiyo tunayoijua sisi, na alikuwa bingwa wa majike Italia, alishinda Oaks ya kule, mbio kubwa ya majike, 1998. Mtoto akaitwa Dubawi, maana yake mtu wa Dubai. Mfupi kidogo, kifua kipana. Katika mbio nane alishinda tano: G1 Ireland akiwa na miaka miwili, akiwa na mitatu akashinda mita 1,600 Ireland na Deauville, palepale aliposhinda baba yake. Na Epsom, mita 2,400, akawa wa tatu. Ukiweka karatasi mbili hizo sambamba unaona mkono mmoja umeandika.

Lakini dume haandikwi na mbio zake. Ada ya Dubawi ilianza paundi 25,000 mwaka 2006, na kufikia 2009 ilikuwa imeshuka hadi 15,000. Hii ni kawaida, na ni vizuri uielewe kwani utaiona kwa madume wengi. Mwaka wa kwanza watu wana hamu na jina. Wa tatu na wa nne watoto wapo malishoni, hawajakimbia, hamu imepoa, na kuna dume mpya mjini. Mwenye jike na moyo mgumu ndipo hupata kwa bei ndogo. Kisha watoto wanaanza kukimbia, na ukweli unajulikana ndani ya miezi kumi na minane. Watoto wa kwanza wa Dubawi wakafika miaka mitatu 2010, na mmoja wao, Makfi, akashinda Guineas ya Newmarket, mbio kubwa ya Uingereza. Mwaka 2017 ada ilikuwa paundi 250,000.

Machi 2012 nilikuwepo Meydan. Si jukwaani, masaisi hatukai jukwaani. Nilikuwa nyuma ya reli karibu na njia ya kurudishia farasi, ndoo moja ya maji mkononi na sponji, koo limekauka kwa vumbi la kutwa. Monterosso akapita na kushinda Kombe la Dunia. Mwana wa Dubawi, mjukuu wa Dubai Millennium, kombe lilelile babu alilolichukua miaka kumi na miwili nyuma. Mzee wangu wa Rajasthan alikuwa kashastaafu na kurudi kwao, la sivyo ningemwona akilia. Nikamwagia farasi wangu maji, maana wangu alishakimbia na alikuwa wa mwisho.

Kuna mambo mawili madogo ya kuangalia hapa. La kwanza, maksai. Rebel's Romance ni mwana wa Dubawi, kashinda Breeders' Cup Turf 2022 na 2024 na Sheema Classic ya Dubai 2024, lakini amehasiwa. Sifa zake zitamwendea baba, yeye mwenyewe hataacha hata kwato. Soma vizuri kabla hujaota ndoto za wajukuu.

La pili, mabinti. Secretariat alishinda mataji matatu ya Marekani 1973, yaani Kentucky Derby, Preakness na Belmont, hiyo Belmont kwa mapengo 31, na alipokwenda kwenye mbegu watu wakasubiri mwana anayefanana naye, hawakumwona, wakasema dume hana kitu. Walikuwa wakitazama upande mmoja wa ukurasa. Binti yake Weekend Surprise alimzaa A.P. Indy, binti yake mwingine, Terlingua, alimzaa Storm Cat, wote wawili madume wakubwa wa mbegu Marekani. Kwa hiyo ukimpima dume, tafuta na orodha ambayo yeye ni babu mzaa mama. Huja baada ya miaka kumi na tano au zaidi, na wengi wameshaacha kuangalia.

Jina linalojirudia

Jambo la mwisho ni la penseli. Chora vizazi vitano, tafuta jina linalotokea mara mbili, hesabu liko kizazi cha ngapi kila upande. Frankel, aliyekimbia mara 14 akashinda 14, kati ya 2010 na 2012: baba Galileo, babu Sadler's Wells, kisha Northern Dancer, kizazi cha tatu. Kwa mama: Kind, binti wa Danehill, mwana wa Danzig, mwana wa Northern Dancer, kizazi cha nne. Utasikia wakisema tatu kwa nne. Ni umbali unaokubalika na unaopendwa. Mbili kwa mbili ukiiona, hiyo ni kama kuozesha watoto wa mzazi mmoja, na mie singemshika kamba.

Wiki iliyopita mtoto wa kaka yangu, anayesafiri mwezi ujao, nilimpa farasi aitwaye Night of Thunder amsome peke yake, bila msaada. Akakaa na simu yake yenye kioo kilichopasuka, daftari la skuli na kalamu mbili. Baba, Dubawi, sawa. Mbio kubwa, Guineas ya Newmarket 2014, mita 1,600, alimshinda Kingman na Australia siku ambayo hakuna aliyemtarajia, sawa. Babu mzaa mama, Galileo; sawa, na nikampa kashata. Akanogewa, akainua kichwa.

"Na Monterosso ni ndugu yake, Ami."

"Tumbo gani?"

Akanyamaza, akarudi kwenye simu, akaanza kushuka chini ya ukurasa.